Kibuye kama Ghala la Jikoni: Tathmini ya Soko kwa Anayetaka Kula Chakula cha Ukanda wa Ziwa

Kati ya mahali pote ambapo mkazi wa Kisumu anaweza kujazia kapu lake la wiki, soko la Kibuye ndilo ninalolipa nafasi ya kwanza, na sababu yenyewe si bei wala ukubwa wa soko, ingawa yote mawili yana uzito wake. Sababu ni kwamba pale muuzaji, aghalabu mama aliyeketi nyuma ya gunia lake, anaweza kunijibu swali ambalo hakuna lebo ya supamaketi iliyowahi kunijibu vizuri: mboga hii imetoka wapi, na imekatwa lini. Tathmini hii inalipima soko kwa swali hilo peke yake. Inauliza kama familia ya kawaida mjini Kisumu inaweza kula kila siku vyakula vinavyolimwa, kuvuliwa na kufugwa katika ukanda huu wa Ziwa Victoria kwa kununua Kibuye. Mitumba, samani na vyombo vya plastiki, ambavyo pia vimejaa pale, nawaachia wengine.

Jibu langu ni kwamba inaweza, ila kwa sharti moja: mnunuzi awe tayari kuuliza, na awe na maarifa kidogo ya kulipima jibu atakalopewa. Wageni wengi, na hata wenyeji waliozoea supamaketi, hudhani kwamba kila kinachouzwa juu ya gunia chini ya mwavuli kimetoka shamba la jirani. Sivyo hata kidogo. Vitunguu vyekundu vilivyopangwa kwa ustadi huenda vimevuka mpaka kutoka Tanzania. Trei za mayai mara nyingi zimepitia Busia kutoka Uganda. Viazi mbatata ni vya Molo, Mau Narok au Nyandarua. Na ngege, yaani tilapia, aliyeganda, aliyetolewa kwenye boksi la karatasi, huenda amesafiri kutoka China hadi ukingoni mwa ziwa lenye samaki wake. Vyote hivyo vimelala bega kwa bega na osuga, mboga chungu ya kienyeji, iliyokatwa Kibos kando ya mji alfajiri ya siku hiyo, na vinanadiwa kwa sauti ile ile.

Soko liko kando ya barabara ya kuelekea Kakamega, mwendo mfupi kwa tuktuk kutoka katikati ya mji. Huwa na watu siku zote za wiki, lakini Jumapili ndiyo siku yake kuu, siku ambayo mazao ya Vihiga, Kisii, Nandi, Siaya na Homa Bay hukutana mahali pamoja na mnunuzi akawa na uwezo wa kulinganisha. Kwa mboga za majani nashauri kufika kabla ya saa mbili asubuhi. Ikifika saa tano jua la Kisumu limekwisha kuzilegeza, na ikifika alasiri bei hushuka kwa sababu muuzaji hataki kurudi na mzigo nyumbani. Anayekwenda saa hizo apike jioni hiyo hiyo, asijidanganye kwamba kesho zitafaa. Kwa nafaka, njugu na viazi vitamu saa haina maana kubwa, na mchana wa katikati ya wiki, watu wakiwa wachache, ndio wakati mzuri wa kuuliza na kuchagua bila kusukumwa.

Mboga za kienyeji ndizo hasa zinazolifanya soko hili listahili safari. Utakuta osuga, ambayo wengine huiita managu, dek, yaani saga, apoth, yaani mrenda, mito, mmea wa jamii ya mikunde wenye majani ya uchungu, boo, ambayo ni majani ya kunde, ododo, yaani terere, na susa, majani ya maboga. Mama mmoja anaweza kuwa na aina zote saba mbele yake, zimefungwa kwa mafungu ya shilingi 20 na ya shilingi 50, huku akizitaja kwa Kidholuo, Kiluhya au Kiswahili kulingana na anayeziinamia. Katika supamaketi za mji huu nimezoea kukuta mbili au tatu kati ya hizo, zimefungwa kwenye plastiki, zimetoa jasho.

Ubora wake hutofautiana kuliko mnunuzi mgeni anavyodhani. Osuga ya majani mapana, ambayo wakulima wa kuuza huipendelea kwa kuwa hutoa majani mengi, haina uchungu mkali na huwafaa watoto. Ile ya majani madogo ni chungu zaidi, na wapishi wanaoitafuta hawakubali nyingine badala yake. Mimi ni wa kundi la pili. Dek ni nzuri kabla haijatoa maua mengi, kwani ikishafunga vitumba vya mbegu majani huwa magumu na uchungu wake haupungui hata kwa maziwa. Boo yawe majani machanga ya nchani. Shina la apoth likivunjwa lapaswa kukatika, lisijipinde.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. "Mama, osuga hii imetoka wapi?" nauliza. "Kibos, nyathina, mwanangu. Imekatwa leo alfajiri, si unaona umande?" Umande huo mara nyingine ni maji ya kopo yaliyonyunyizwa dakika tano kabla sijafika, kwa hiyo macho yangu huenda kwenye mkato wa shina. Shina lililokatwa alfajiri bado ni la kijani na lina unyevu. Lililolala usiku limekuwa la kahawia na limekauka. Swali la pili, ambalo wengi huona haya kuuliza, ni la maji. Katika miji mingi ya Kenya baadhi ya mboga hulimwa kando ya mitaro na vijito vilivyochafuka, na hakuna jicho linaloweza kulitambua jambo hilo kwenye fungu. Muuzaji anayelima mwenyewe, au anayemjua mkulima wake, hujibu bila kusita na hata kueleza shamba lilipo. Anayeanza kuzungumzia bei badala ya kujibu, namuaga kwa heshima. Ndiyo maana faida kubwa ya Kibuye haipatikani siku ya kwanza; hupatikana mnunuzi anapokuwa na mama zake wawili watatu ambao huwarudia, nao humwekea kilicho kizuri.

Huduma moja inayostahili sifa ni ya kuchambuliwa. Ukinunua mboga ya kutosha, muuzaji au msichana aliye karibu naye hukuchambulia majani kwa mikono yenye kasi ya ajabu, ama bure ama kwa pesa kidogo. Kwa mfanyakazi anayefika nyumbani saa moja usiku, huduma hiyo ndiyo inayoamua kama atapika dek au atakaanga kabeji. Tahadhari yangu ni kwamba majani yakishatengwa na shina hunyauka upesi, hivyo ichambuliwe ile ya kupikwa siku hiyo tu, na iliyobaki ibebwe na mashina yake, ifungwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Mboga hizi zilipita kipindi kirefu cha kudharauliwa. Sukuma wiki na kabeji zilipotawala bustani na vibanda, osuga na dek zilihesabiwa kuwa magugu au chakula cha asiye na pesa. Kurudi kwake sokoni kuna watu nyuma yake, na miongoni mwao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno, si mbali na hapa, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Alitumia miaka mingi kutafiti mbegu, kilimo na lishe ya mboga hizi, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya kisayansi ya Kwame Nkrumah. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliiweka juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Mama wa Kibuye hahitaji kuzijua habari hizo ili auze, lakini mnunuzi anayeambiwa na wenzake kwamba amerudi kijijini kwa kula mrenda anaweza kuzitumia.

Anayesema hapendi mboga hizi, mara nyingi shida yake ni mpishi. Kosa la kawaida ni kuzichemsha, kumwaga maji, kuzichemsha tena na kumwaga tena, halafu kuzikaanga kwa mafuta mengi. Kinachobaki ni nyuzi. Osuga na dek zinataka moto mdogo na maziwa au krimu inayoongezwa kidogo kidogo, na huwa tamu zaidi siku ya pili zikipashwa na kuongezewa maziwa tena. Wapishi wa zamani walikaa nazo hivyo siku kadhaa bila friji, wakizipasha asubuhi na jioni. Apoth haipikwi peke yake. Hutiwa boo, kwa magadi kidogo, au kwa yale maji ya majivu yaliyochujwa ambayo Waluhya huyaita musherekha, yanayotokana na maganda ya maharagwe yaliyochomwa. Magadi huuzwa pale pale sokoni kwa vipande. Yatumiwe kwa kipimo, kwa sababu yakizidi huharibu sehemu ya vitamini, na mboga hubaki na rangi nzuri ya kijani inayomdanganya mlaji.

Upande wa samaki ndiko mnunuzi anakohitaji kuwa macho zaidi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la Ziwa Victoria, sehemu iliyobaki ikiwa ya Tanzania na Uganda, na mahitaji ya samaki nchini yamezidi kwa muda mrefu kile kinachovuliwa upande wetu. Pengo hilo limejazwa na samaki wa kugandishwa kutoka nje na, katika miaka ya karibuni, na ngege wanaofugwa kwenye vizimba ndani ya ziwa. Ngege wa kizimba sina ugomvi naye, kwani amekulia katika maji haya haya na riziki yake inabaki kwa watu wa huku, ingawa nyama yake ina mafuta zaidi na haina ule ukakamavu wa aliyevuliwa. Aliyetoka nje hutambulika kwa ishara kadhaa: wote wana ukubwa mmoja, magamba yamekwisha kuondolewa, macho yamezama, na akiyeyuka hutoa maji mengi na kumeguka kwenye kikaango. Samaki aliyekwisha kukaangwa huficha ishara hizo zote, kwa hiyo simnunui aliyekaangwa kwa mtu nisiyemjua. Anayetaka ngege wa uhakika, na asiye na haraka, aende ufuo wa Dunga asubuhi mitumbwi inaporudi. Kwa samaki mbichi naipa Dunga ushindi dhidi ya Kibuye bila kusita.

Kwa omena, yaani dagaa wa ziwa, hata hivyo, Kibuye haina mpinzani mjini. Hapo kuna milima ya omena wa viwango vyote, na tofauti ya kiwango ni tofauti ya namna walivyoanikwa. Walioanikwa juu ya nyavu au vichanja hung'aa kama fedha na huwa wakavu mpaka ndani. Walioanikwa mchangani hubeba mchanga ambao hakuna kuosha kunakoumaliza. Ninachofanya ni kuchukua kiganja kimoja, kuwanusa, kuwavunja wawili watatu, kisha kuangalia kilichobaki kiganjani. Walioanikwa siku za mvua huwa na rangi ya kahawia na harufu ya mafuta yaliyochacha, na uchungu wao hauondoki. Kuna pia jambo la msimu: upande wa Kenya uvuvi wa omena husitishwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane, hivyo wanaouzwa miezi hiyo ni wa akiba au wa kutoka nchi jirani, na bei yake hupanda. Mwenye busara hununua wa kutosha mwezi wa Machi na kuwahifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Jikoni, waoshwe kwa maji ya moto, wakaushwe kwenye sufuria isiyo na mafuta, kisha waungwe kwa kitunguu na nyanya na kumaliziwa kwa maziwa. Kwa bei ya nusu kilo ya nyama ya ng'ombe unapata omena na mboga za mlo wa familia nzima, na kwa kawaida chenji inabaki.

Nitaje pia mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara) iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kuuza nje. Hukaangwa na kuuzwa kwa bei nafuu, na mtaa wa Obunga umejulikana kwa kazi hiyo kwa miaka. Supu yake ni nzito na tamu. Kwamba minofu huenda mbali na mwenyeji hubaki na mfupa ni jambo linalostahili kuwauma wenye kuamua, lakini mpishi halaumiwi kwa kuutumia mfupa huo vizuri. Na anayetaka kuwa mkali wa asili akumbuke kwamba mbuta mwenyewe aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kwamba ngege tunayemla leo kwa kiasi kikubwa ni wa aina iliyoletwa kipindi hicho hicho, wakati ngege wa asili amekuwa nadra. Mwenyeji hasa kwenye sahani ni omena.

Safu za nafaka zinastahili muda kuliko wengi wanavyozipa. Unga wa mahindi wa pakiti umetuzoesha ugali mmoja wenye ladha moja, ilhali hatua chache kutoka kwenye mboga kuna mtama mwekundu wa Siaya, wimbi, na muhogo mkavu uliotoka Busia. Mimi huchanganya gorogoro (kopo la kupimia nafaka) mbili za muhogo na moja ya mtama, nikapeleka kwenye kinu cha kusagia kilicho karibu, na nikaondoka na unga ambao ni wangu tangu punje ya kwanza. Ugali wake ni wa rangi ya udongo, hushika vizuri mkononi, na hukaa tumboni. Kwa omena na osuga chungu, sijui ugali unaoushinda. Muhogo ununuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kwa kuwa aina chungu zisipolowekwa na kukaushwa inavyotakiwa hubaki na sumu. Na mahindi au njugu karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye rangi ya ajabu zikataliwe hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Mchele ndipo ninapotofautiana na marafiki wengi. Mashamba ya umwagiliaji ya Ahero, kwenye tambarare za Kano, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na yako karibu kiasi kwamba gunia la mchele linaweza kutoka kwenye mashine ya kukoboa asubuhi na kuwa Kibuye kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo wanunuzi huupita na kuulizia pishori ya Mwea. Nakubali kwamba mchele wa Ahero hauna harufu ya pishori, punje zake nyingine zimekatika, na hauna budi kupetwa na kuchaguliwa mawe. Lakini unafyonza mchuzi, unafura, unashibisha, na kwa ndengu au kwa mchuzi wa omena unafaa kuliko huo wa harufu. Pishori ibaki ya pilau na wageni. Tena, kinachouzwa kwa jina la pishori katika masoko mengi ya wazi ni mchanganyiko ambao hata muuzaji hawezi kuueleza, ilhali mchele wa Ahero haujapata umaarufu wa kutosha kumfanya mtu aughushi.

Viazi vitamu vya Kabondo, huko Homa Bay, ndivyo vilivyochukua nafasi ya mkate kwenye chai yangu ya asubuhi. Vipo vyeupe, vya manjano na vile vya rangi ya chungwa vyenye wingi wa kiini kinachogeuzwa mwilini kuwa vitamini A, ambavyo kazi ya kuviendeleza Afrika ilizawadiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mmoja wa washindi wanne, Robert Mwanga, ni mtafiti wa nchi jirani ya Uganda. Vya chungwa ni vizuri kwa watoto na kwa uji, ila huwa na majimaji, na kwa chai napendelea vya manjano vilivyo vikavu na vyenye unga. Viazi visivyooshwa hukaa muda mrefu zaidi ya vilivyosuguliwa vikang'aa, kwa hiyo udongo usimtishe mnunuzi. Ndizi za Kisii, mapapai, mananasi na maparachichi yapo kwa wingi na hayahitaji maelezo yangu. Kuku wa kienyeji wapo pia, lakini wengi wao ni wa aina iliyoboreshwa, waliofugwa bandani. Anayemtaka aliyechakura uani azoee kulipa zaidi na kuchemsha kwa muda mrefu.

Hapa pana swali ambalo halikwepeki: karibu ni wapi? Kutoka Kisumu hadi mpakani Busia ni kama kilomita 110, na hadi Nakuru ni takriban kilomita 180. Yai la mfugaji wa mashariki mwa Uganda linaweza kuwa limesafiri njia fupi kuliko kiazi mbatata cha Molo, ingawa la kwanza limevuka mpaka na la pili halikuvuka. Kwa maoni yangu ukanda wa ziwa ni mmoja, na familia za pande zote mbili za Busia zinakula vyakula vile vile. Mimi sioni aibu kununua maharagwe ya Uganda, na sioni fahari maalumu katika kununua mbatata kwa sababu tu ni za Kenya. Ninachokataa ni kulipa bei ya kilichokatwa leo kwa kilicholala safarini siku tatu, awe mkulima wake ni wa nchi gani. Vitunguu na mbatata basi nanunua bila kuuliza. Maswali yangu nayaweka kwa mboga, samaki na unga.

Kapu la Jumapili moja linaweza kubeba wiki nzima likipangwa kwa mpangilio wa kinachoharibika. Jumapili yenyewe na Jumatatu ni za mboga laini, yaani apoth na boo, pamoja na samaki mbichi kama amepatikana. Osuga na dek, zikishapikwa kwa maziwa, hubeba Jumanne na Jumatano. Alhamisi ni ya ndengu na mchele wa Ahero, Ijumaa ya omena, na Jumamosi ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, au chochote kilichosalia. Asubuhi zote zina viazi vitamu au uji wa wimbi uliotiwa ndimu, na njugu karanga za kukaanga hukaa mezani kwa anayepita. Familia yenye friji inaweza kubadilisha mpangilio huo, lakini ladha ya dek ya siku ya pili haitoki kwenye friji.

Kasoro ni zile za soko lolote la wazi, na mwenye kuzijua atajipanga. Mvua ikinyesha kuna matope, jua likiwaka kivuli ni haba, na mikokoteni haina subira na anayesimama katikati ya njia. Hakuna risiti, ingawa M-Pesa hupokelewa karibu kila mahali. Gorogoro, ambayo kwa mahindi ni kama kilo 2, si kipimo cha kisheria kinachokaguliwa. Katika masoko ya namna hii zipo zilizobonyezwa kitako ili zibebe kidogo, kwa hiyo itazame ndani kabla haijajazwa, na ukikuta mwenye mizani umpe upendeleo. Anayezungumza Kidholuo hupunguziwa bei haraka zaidi, na asiyekijua asikate tamaa, kwani salamu ya heshima na swali la maana juu ya bidhaa hufanya kazi karibu sawa.

Nimelinganisha na njia nyingine. Soko la Jubilee, katikati ya mji, linafaa kwa anayetoka kazini, na lina paa, lakini chaguo la mboga za kienyeji ni dogo zaidi. Huduma moja ya kuletewa kapu nyumbani, ambayo sitaitaja, iliniahidi mazao ya wakulima wa hapa na ikaniletea spinachi, pilipili hoho na tufaha. Nilipouliza zilikotoka, aliyeleta hakuwa na namna ya kujua. Mama mboga wa mtaani ndiye mbadala wa kweli. Yeye huamkia Kibuye alfajiri, huongeza faida yake ya halali, na hujua ni nani aliyemuuzia. Asiyeweza kufika sokoni ampate huyo kabla ya saa nne, na amwagizie jana yake anachotaka.

Soko naliweka kwenye kiwango cha juu kwa miezi mingi ya mwaka, isipokuwa Januari na Februari. Kipindi hicho cha kiangazi mafungu hupungua unene, bei hupanda, na mboga nyingi zinazopatikana ni zile zilizomwagiliwa kwa maji ambayo asili yake ndiyo ngumu zaidi kuijua. Ninayemshauri kula vya hapa mwaka mzima namwambia anunue boo na apoth kwa wingi mwezi wa Novemba, zinapokuwa rahisi, azichemshe kwa dakika chache, kisha azianike juu ya wavu mahali penye upepo na kivuli, kwa kuwa jua kali hufifisha rangi yake na kupunguza vitamini. Zikishakauka kiasi cha kuvunjika zikibanwa, hufungwa kwenye mfuko wa karatasi na kuwekwa mbali na unyevu, na siku ya kupikwa hulowekwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu.